Faduma Ana Kwao

Nyumba zilizokuwa zimebaki zilikuwa za chumba kimoja kimoja, za watu wanaoishi peke yao, na kufikia adhuhuri kamati ilikuwa imeshazigawa zote isipokuwa moja. Sahara alikuwa ameketi karibu na dirisha la ukumbi wa chifu, akijipepea kwa kipande cha katoni. Alichaguliwa kwenye kamati hiyo kwa sababu alikuwa na duka la vitambaa Soko Mugdi, na watu wa Garissa walimjua kama mwanamke asiyependelea mtu.

Nyumba zenyewe zilijengwa kando ya barabara ya Modogashe, kwenye ardhi iliyotolewa na kaunti. Zilikuwa za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, zenye paa la bati na choo ndani. Zilikusudiwa kwa watu ambao mto Tana uliwasombea vibanda vyao, na wafugaji ambao ukame uliwamalizia mifugo wakaingia mjini bila kitu. Mwenye kupewa angelipa kidogo kidogo kila mwezi, kiasi ambacho hata muuza kuni angeweza kukipata, na baada ya miaka nyumba ingekuwa yake.

"Tumebaki na watu wawili na nyumba moja," alisema Mohamedamin, afisa wa mradi. Alikuwa kijana mpole aliyesoma Nairobi. "Wa kwanza ni Mzee Dullo, ametoka upande wa Wajir, analala kwenye baraza ya msikiti. Wa pili ni Faduma, mjane. Yeye yuko chini ya turubai tangu mafuriko. Hana makao, hana ndugu mjini. Kwa maoni yangu huyu mama ndiye mwenye shida zaidi, maana pale kando ya barabara hayuko salama."

Sadiyo, muuza maziwa aliyekuwa pia kwenye kamati, akainua uso. "Faduma yupi? Yule aliyekuwa mke wa marehemu Billow?"

Watu walimtazama Sahara, kisha wakatazama kwingine kwa adabu. Sahara naye alikuwa mke wa Billow. Yeye ndiye aliyekuwa mke wa kwanza.

Maneno ya Mohamedamin yalimchoma kuliko alivyotarajia. Kwa Kiswahili cha ofisini, mtu asiye na makao ni mtu asiye na paa. Lakini Sahara aliyasikia kwa Kisomali, na kwa Kisomali maana yake ilikuwa mtu asiye na watu, mtu ambaye ukoo mzima umemtazama ukampita. Ikiwa mjane wa Billow hana watu, basi mjane mwingine wa Billow, aliyeketi pale na bangili zake za dhahabu, ni nani?

"Faduma ana kwao," akasema. Sauti yake ilitoka imara. "Nyumba yangu ni nyumba yake. Anakaa kwangu."

"Anakaa kwako, eeddo?" Mohamedamin alimwita shangazi kwa heshima, kama alivyowaita wanawake wote wa umri wake. "Wenzangu walimkuta kwenye turubai."

"Alikuwa anangoja chumba kipakwe rangi."

Mohamedamin alionekana kufurahi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kumpunguzia mzigo. "Alhamdulillahi. Basi nyumba iende kwa Mzee Dullo."

Wakaitikia, wakasoma dua, mkutano ukaisha. Nje, Sadiyo alimshika Sahara mkono. "Umefanya jambo kubwa," akamwambia. "Wengine wangesahau." Sahara alitabasamu, akaondoka haraka kuelekea sokoni. Alipofika dukani alikaa juu ya robota la vitambaa bila kufungua madirisha.

Hakukuwa na chumba kilichokuwa kinapakwa rangi. Tangu Billow afe, Faduma hakuwahi kulala hata siku moja nyumbani kwa Sahara.

Alikuwa akija dukani mara chache, akasimama pembeni hadi wateja waishe. Sahara alimpa sukari na majani ya chai, wakati mwingine kitambaa chenye kasoro, na wakaulizana hali. Hakuwahi kumuuliza analala wapi. Aliogopa jibu, na zaidi aliogopa kitu kingine ambacho hakupenda kukitaja hata moyoni. Nyumba yake ilijengwa kwa mifugo ya Diff, kijiji cha mpakani alikoishi Faduma. Kila Billow alipotoka kule mpakani na lori la ng'ombe, ukuta uliongezeka, au dari, au vigae vya sebuleni. Ng'ombe hao walichungwa na kukamuliwa na Faduma. Billow alipofariki, mirathi haikugawanywa. Faduma alikuwa mbali, mifugo iliyobaki ilikuwa inakufa kwa ukame, na Sahara alijiambia kwamba mambo hayo yatazungumzwa siku Faduma atakapoyauliza. Faduma alipokuja mjini mikono mitupu hakuyauliza. Basi Sahara akaona ni heri Faduma asikanyage mle ndani, asije akaweka mkeka wake na ukawa wa kudumu.

Siku hiyo aliswali Adhuhuri akasahau alikuwa rakaa ya ngapi, akaanza upya, akasahau tena.

Alijua la kufanya. Angempigia Mohamedamin simu, aseme nimekosea. Simu ilikuwa mkononi mwake. Lakini Mohamedamin angemuuliza amekosea nini, na mtu hawezi kukosea kuhusu nani analala nyumbani kwake. Kwa hiyo alichagua njia nyingine. Angeufanya uongo wake uwe kweli kabla mtu hajaugundua.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mahali Faduma alipokuwa. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya mti wa mathenge na nguzo ya umeme, na mbele yake palikuwa pamefagiliwa vizuri. Faduma alikuwa anaosha birika. Alipomwona Sahara alisimama, akajifuta mikono, akatandika gunia ili mgeni akae.

"Nilitaka kuja kwako, abaayo," alisema. Alikuwa mdogo kwa Sahara kwa miaka mingi na siku zote alimwita dada. "Walikuja watu wa mradi. Walinipiga picha. Mmoja wao aliniambia nina nafasi nzuri."

"Nimesikia."

"Nilikwenda kuziangalia. Mlinzi akaniruhusu kuingia katika moja." Faduma alicheka kidogo, kama mtu anayeona haya. "Zina baridi ndani, hata mchana. Nimeshajua kitanda kitakaa wapi. Nitanunua maziwa kwa akina mama wa mtaa wa Bula Iftin niuze pale pale nje."

Sahara alitazama birika. "Nimekuja kukuchukua," akasema. "Hapa si mahali pa kukaa. Njoo kwangu. Chumba cha binti yangu Ugbad ni kitupu, yeye yuko chuoni Nairobi."

Faduma alilitazama turubai lake. Kisha macho yake yakajaa machozi, naye akayafuta kwa ncha ya shuka bila kujificha. "Mpaka nipate ufunguo?"

"Ndiyo," Sahara akajibu. "Mpaka upate."

"Mungu akulipe. Mungu amrehemu Billow aliyetukutanisha." Akamshika Sahara mkono, akaubusu.

Sahara aliuacha mkono wake ubusiwe. Baadaye alifikiri kwamba kati ya yote aliyoyafanya, hilo lilikuwa baya zaidi.

Walibeba vitu vyote vya Faduma kwa mkokoteni mmoja wa punda, na mkokoteni haukujaa.

Faduma alikuwa mgeni asiye na usumbufu, na hiyo ndiyo iliyomtesa Sahara. Aliamka kabla ya Alfajiri akafagia ua. Alikula kidogo. Kabla ya kuwasha jiko aliuliza, "Naweza kuchemsha maji?" na kabla ya kuoga aliuliza kama maji yanatosha. Sahara akamwambia asiulize, nyumba ni yake. Kesho yake akauliza tena. Jioni walikaa uani, na Faduma akasimulia habari za Diff: jinsi ng'ombe walivyoanza kulala na kushindwa kuinuka, jinsi yeye na Billow walivyokuwa wakiwainua kwa kuwashika mikia na pembe, kila asubuhi, hadi siku ambayo Billow naye hakuwa na nguvu ya kuinua. Sahara hakuwahi kusikia habari hizo. Billow alipoletwa hospitali alisema tu kwamba mambo ni magumu kule.

Majirani walimsifu Sahara. Imamu wa msikiti wa mtaa alitaja, bila jina, mwanamke aliyemfungulia mke mwenza mlango wake. Sahara aliposikia hivyo alianza kwenda dukani kwa njia ya nyuma.

Mara kadhaa alikaribia kusema. Usiku mmoja wa joto umeme ulikatika, na wawili hao wakalala uani juu ya mikeka. Akaanza, "Faduma, ile nyumba..." Faduma akageuka upande wake. "Najua, wanachelewa," akasema. "Usijali. Ninaweza kungoja. Nimeshangoja mvua zaidi ya hivyo." Sahara akasema ndiyo, wanachelewa, akatazama nyota hadi Faduma akapitiwa na usingizi.

Kisha siku ya kukabidhi nyumba ikatangazwa redioni.

Asubuhi hiyo Faduma alivaa gauni la dira alilopewa na Sahara, akajitia uturi kidogo. "Twende pamoja, abaayo. Wewe ni mtu wa kamati."

"Kichwa kinaniuma."

"Basi pumzika. Nitakuletea habari."

Sahara alisimama sebuleni akamsikia akiondoka, viatu vyake vikikwaruza changarawe. Angeweza kumwita. Alifungua mdomo kabisa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amezika mume na kulea binti na kuendesha duka kupitia mafuriko na ukame, na hakuweza kusema jina la mtu aliyekuwa hatua chache kutoka kwake.

Faduma alirudi jua likiwa kali. Aliketi kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

"Wametoa funguo," alisema. "Wametoa zote. Nikamfuata Mohamedamin, yule afisa. Akafurahi kuniona. Akaniambia, hongera mama, tulisikia umepata kwako kabla hata sisi hatujakupa. Akaniuliza kama ile rangi ya chumba ilikauka vizuri."

Sahara alikuwa amesimama mbele yake. Akaketi sakafuni.

"Nikadhani amenichanganya na mtu," Faduma akaendelea polepole. "Nikamuuliza siku ya mkutano. Akaniambia. Siku ile ulipokuja kunichukua, mkutano ulikuwa umefanyika jana yake."

"Ndiyo."

"Ulipokuja, nilikuwa nimeshapoteza nyumba."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Sahara alikuwa ameshalitafutia swali hilo majibu mengi, na sasa yote yalionekana madogo. "Walisema huna watu," akasema. "Mbele yangu. Watu wakanitazama. Niliona aibu."

"Uliona aibu." Faduma aliyarudia maneno hayo bila hasira, kama mtu anayeonja maziwa kujua kama yameharibika. "Nilikaa kwenye turubai mvua mbili. Kila nilipokuja dukani kwako viatu vyangu vilikuwa na matope. Hukuona aibu siku hizo, kwa sababu hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti."

Sahara alivitazama viatu ambavyo Faduma alikuwa bado hajavivua.

"Nilikubusu mkono," Faduma akasema. Akainuka, akaingia chumba cha Ugbad, akafunga.

Siku zilizofuata waliishi kama watu wawili waliokodi. Faduma hakuondoka, hakuwa na pa kwenda, na wote wawili walijua hivyo. Aliacha kuomba ruhusa ya kuchemsha maji. Alichemsha, akanywa, akaosha kikombe kimoja. Sahara alipika chakula kingi akakiacha mezani, kikapoa. Hatimaye jioni moja Faduma alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Nataka uende useme," akamwambia. "Pale pale, kwa watu wale wale."

"Nyumba imeshachukuliwa."

"Sijasema unirudishie nyumba. Nimesema useme."

Kamati ilikuwa na mkutano wa kuangalia jinsi wakazi wapya wanavyoendelea, na safari hii ulifanyika kule kule kwenye nyumba, chini ya kivuli cha tanki la maji, wakazi wenyewe wakiwapo. Sahara alingoja mazungumzo ya mabomba na takataka yaishe. Kisha akasimama akasema kwamba siku ile ya mwisho ya kugawa nyumba alidanganya. Faduma hakuwa anaishi kwake. Hakukuwa na rangi yoyote. Nyumba ile ilikuwa ya Faduma kwa haki, na yeye alimnyima kwa neno moja. Aliyasema yote kwa Kisomali, kisha, kwa sababu walikuwapo Waborana na watu wa bara, akayasema tena kwa Kiswahili. Mara ya pili yalikuwa mazito zaidi, kwa kuwa sasa alijua yanakokwenda.

Sadiyo alitazama chini. Mohamedamin alivua miwani yake, akaisafisha kwa muda mrefu. Nyuma ya umati, mzee mwembamba mwenye kilemba cheupe akajikongoja akainuka. Alikuwa Dullo.

"Kwa hiyo nitoke?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyezoea kuhamishwa, anayetaka tu kujua kama aanze sasa au asubuhi. Sahara hakuwa amemfikiria mzee huyo hata kidogo.

"Hapana, mzee," Mohamedamin akasema upesi. "Keti. Hakuna anayekutoa."

"Nimeshapanda mwarobaini," Dullo akasema, akaketi.

Hakuna aliyemtukana Sahara. Mohamedamin alisema kutakuwa na nyumba nyingine fedha zikipatikana, na kwamba jina la Faduma litakuwa la kwanza, lakini hakuweza kuahidi ni lini. Sahara akaomba kuondoka kwenye kamati, wakamkubalia bila kumbembeleza. Alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amedhani kwamba akishasema kifua chake kitakuwa chepesi. Alichokiona njia nzima ni uso wa yule mzee akiuliza kama atoke.

Faduma alikuwa ameshasikia kabla Sahara hajafika. Alikuwa ameketi uani.

"Sasa sikiliza," alisema. "Nilikwenda kwa sheikh. Nilimuuliza kuhusu mirathi ya Billow, jambo ambalo nilipaswa kuuliza zamani, lakini nilikuonea haya. Nina haki hapa. Ni ndogo, lakini ni yangu."

"Najua," Sahara akasema. "Nimejua siku zote."

Pengine Faduma hakulitarajia hilo. "Sitaki kuuza, sitaki tugombane mahakamani. Nataka kile chumba cha Ugbad cha nyuma, kinachopakana na njia. Na nataka mlango wake ufunguke kule nje, njiani. Ule wa ndani uzibwe."

"Uzibwe kabisa?"

"Kwa matofali. Sitaki kupita kwako kuingia kwangu."

Sahara alimpigia Ugbad simu, kwa kuwa chumba kilikuwa chake na mirathi ilimhusu pia. Akamweleza kila kitu bila kujipunguzia. "Sawa, mama," Ugbad akasema. "Mpe. Mimi nitalala sebuleni nikija." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Sikujua kama wewe unaweza kufanya kitu kama hicho." Sahara akasema naye hakujua.

Alimwita fundi aitwaye Alio. Fundi alibomoa ukuta wa nje kwa siku mbili, akaweka fremu na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu aliyoichagua Faduma. Kisha akaziba ule wa ndani. Sahara alisimama ukumbini akitazama tofali baada ya tofali, na kupitia nafasi iliyokuwa inapungua aliona mkeka wa Faduma, birika lake, na mgongo wake akiwa anafagia vumbi la saruji. Alio alipoweka tofali la mwisho, sauti ya ufagio ikafifia.

Faduma akaanza kuuza maziwa pale nje. Asubuhi wateja walipanga foleni njiani, na Sahara aliwasikia bila kuwaona. Walipokutana barabarani walisalimiana vizuri, wakaulizana afya. Siku moja Sahara alipougua malaria Faduma alimletea maziwa, akayaacha getini. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Mohamedamin alipita mara moja kusema kwamba awamu ya pili ya nyumba bado inajadiliwa. Faduma alimjibu kwamba siku ile angeipokea kwa mikono miwili, lakini sasa atafikiri.

Ilipofika Idi, wageni wa Faduma walitoka Diff, wanawake watatu na watoto. Sahara alikuwa peke yake. Ugbad alikuwa na mitihani. Kupitia ukuta alisikia vicheko, sahani, mtoto akilia akanyamazishwa. Kisha akasikia mgeni mmoja akiuliza, "Na huku upande wa pili anaishi nani?"

Sahara alisogea karibu na ukuta.

"Jirani yangu," Faduma akajibu, na mazungumzo yakaendelea.

Hakusema mke mwenza. Hakusema dada. Sahara aliketi na neno hilo kwa muda, akiligeuza. Lingeweza kuwa baya zaidi. Alijua ni maneno gani mengine Faduma angeweza kuyatumia mbele ya watu wa kwao, na hakuyatumia.

Alipakua pilau kwenye sinia, akaifunika kwa kitambaa. Alitoka getini, akazunguka nyumba yake mwenyewe kwa njia ya nje, akisalimia watu waliovaa nguo mpya, hadi alipofika kwenye ule mlango wa buluu. Akabisha, akangoja kama mtu mwingine yeyote.

Ulichukua muda kufunguliwa. Faduma alitazama sinia, kisha uso wa aliyeibeba.

"Wageni wamejaa," alisema.

"Nitaiacha tu."

Faduma alipokea sinia, akaipitisha ndani. Alibaki ameshika mlango, bila kuufunga wala kuufungua zaidi. Ndani, mtoto mmoja alichungulia kutaka kujua ni nani.

"Kuna nafasi hapa karibu na mlango," akasema hatimaye. "Kaa kidogo kama unataka."

Sahara alivua viatu, akaingia, akaketi pale alipoonyeshwa.